Maswali Yenu: Waini Gani Tuweke Mezani Krismasi Hii?

SWALI: Shikamoo dada. Mwaka huu Krismasi tunakusanyika Moshi kwa wakwe zangu, watu kama 20 hivi, kutakuwa na pilau, mbuzi wa kuchoma na ndizi nyama, na mimi ndo nimepewa jukumu la waini. Nimeenda supamaketi nikasimama mbele ya rafu karibu nusu saa nikatoka mikono mitupu. Shemeji yangu anasema waini ya Dodoma si waini, eti waini ni kitu cha Wazungu kwa hiyo nichukue ya nje. Nisaidie. *Msomaji, Tabata*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na shemeji maana hilo limenigusa. Mwambie waini haikuanzia Ufaransa wala Italia. Mabaki ya zamani kabisa ya waini ya zabibu yanayojulikana yamepatikana Georgia, kule milima ya Kaukazi, ndani ya vipande vya mitungi ya udongo ya kama miaka 8,000 iliyopita, na mpaka leo Wageorgia wanachachusha zabibu kwenye mitungi mikubwa wanayoifukia ardhini. Afrika nayo haikuchelewa. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 ilikutwa mitungi ya waini imeandikwa mwaka wa mavuno, shamba ilikotoka na jina la fundi aliyeitengeneza, yani lebo kamili kama hizo zilizokuchanganya supamaketi, na hiyo ni zaidi ya miaka 3,300 iliyopita hapo Misri!

Hata maneno yetu yamebeba hiyo safari. Mvinyo tumeutoa kwa Wareno, wao wanasema vinho, divai ya kwenye Biblia na misa imetoka kwenye Kifaransa, na zabibu ni Kiarabu. Kitu chenye majina yote haya kwenye lugha yetu shemeji anakiitaje cha wageni?

Sasa Dodoma. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki kwa sababu misa haiendi bila divai, wakakuta ardhi kavu, jua kali na mvua chache, na mzabibu unapenda hivohivo. Ulaya mti unalala wakati wa baridi, kwa hiyo wanavuna mara moja tu kwa mwaka, lakini Dodoma hakuna hiyo baridi, mkulima anapogoa, mti unachipua tena, anavuna mara mbili. Zabibu zinazolimwa sana ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe, na hiyo Chenin asili yake bonde la mto Loire, Ufaransa, ndo hiyohiyo inayolimwa kwa wingi Afrika Kusini. Kwa hiyo shemeji akinywa Chenin ya Cape akaisifu halafu akaidharau ya Hombolo, kule Dodoma, ajue ni zabibu moja. Mimi nimepita kwenye mashamba yale wakati wa mavuno, nimeona wakulima wanavyohangaika kutafuta mnunuzi, wengine inabidi wakamue wabaki na mchuzi wa zabibu kwenye matangi, na kwa kweli inaniuma nikiona meza ya Krismasi ya Mtanzania haina hata chupa moja ya kwao.

Haya tuje kwenye kununua. Usianze na bei wala uzuri wa lebo, anza na chakula. Pilau lenyewe halina shida, shida ni kachumbari maana ina ndimu na pilipili, na pilipili ikikutana na waini nyekundu nzito mdomo unawaka mara mbili. Kwa hiyo pilau lipe nyeupe, Chenin Blanc ya baridi, hata yenye utamu kidogo, uchachu wake unakata mafuta na utamu unatuliza pilipili. Mbuzi wa kuchoma ndo anataka nyekundu. Ile hali ya ulimi kukauka kama umetafuna ndizi mbichi, ule ukakasi, ukila na nyama yenye mafuta unalainika kabisa. Chukua nyekundu kavu, yani isiyo tamu, ya Dodoma, na ukitaka ya kulinganisha nayo ongeza Pinotage ya Afrika Kusini, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na profesa Abraham Perold, inaenda vizuri sana na kitu kilichopita kwenye moshi wa mkaa. Ndizi nyama ikiwa na supu nzito inakubali zote mbili, usiumize kichwa.

Kwenye lebo ukiona dry ndo hiyo kavu, maana yake karibu haina sukari, na wengi wetu tukiionja mara ya kwanza tunakunja uso, kwa hiyo weka chupa moja au mbili za sweet kwa mama mkwe na wale ambao hawajazoea. Chupa ya kawaida inatoa gilasi 5. Tuseme kati ya hao 20 wanaokunywa ni 12, kila mtu gilasi mbili na nusu, hapo ni chupa 6: nyekundu 3, nyeupe 2, tamu 1. Na kama majirani Waislamu wanakuja kula, nakuomba sana usitie waini kwenye sufuria yoyote ya hiyo siku, waandalie ukwaju au rozela ya baridi kwenye gilasi zao, wakae kwa amani.

SWALI: Ni kweli waini nyekundu haiwekwi kwenye friji? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hiyo kanuni ya kuinywa kwenye joto la chumba imetoka kwenye nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 mpaka 18, sio sebule ya Mombasa mwezi wa Desemba yenye 30. Weka friji nusu saa kabla ya kumimina. Ikiwa na joto unasikia spiriti tu, tunda hulisikii. Nyeupe iweke masaa mawili au zaidi, na kama umeme umekatika tumia ndoo ya barafu, ongeza maji na chumvi kidogo, inapoa haraka kuliko barafu peke yake.

SWALI: Chupa ikibaki nusu naitupa? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Usitupe! Rudisha kizibo, weka friji hata kama ni nyekundu, inakaa siku 3 mpaka 5. Ya mapovu inywe kesho yake. Ikianza kuchacha kama siki, loweka nayo nyama ya ng'ombe ngumu usiku mzima na kitunguu saumu, halafu pika kwa moto mdogo.