Maswali ya Wasomaji: "Risala Yangu Haieleweki Inataka Nini"

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya shule ya msingi. Nimeandika risala ya mahafali ya darasa la saba, kurasa tano. Mwalimu mkuu anasema Kiswahili chake kizuri ila haieleweki tunataka nini. Nianzie wapi kuirekebisha? – Katibu, Morogoro

JIBU: Ndugu Katibu, ziweke pembeni kurasa hizo. Kabla hujakata hata mstari mmoja, andika sentensi mbili mpya: moja ya lengo, nyingine ya wazo kuu. Wengi huzichanganya.

Lengo ni la kamati, halisomwi ukumbini. Linamtaja msikilizaji, kitendo na muda. "Kueleza changamoto za shule" si lengo, kwa sababu linatimia ukishasoma tu, hata kama mgeni rasmi alikuwa anachezea simu. Afadhali hivi: "Mgeni rasmi, atakapojibu risala, aahidi mbele ya wazazi mifuko 40 ya saruji ya vyoo vya wasichana." Jioni hiyohiyo mtajua mmepata au mmekosa.

Wazo kuu ndilo linalosomwa. Ni sentensi kamili ambayo mzazi aliyekaa nyuma kabisa ataweza kumsimulia jirani yake. "Vyoo vya wasichana" ni mada tu. Tuseme shule ina wasichana 480 na matundu 8. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja kwa wasichana 20 (kwa wavulana ni 25), kwa hiyo yanahitajika 24. Wazo kuu linakuwa: "Tundu moja linatumiwa na wasichana 60 badala ya 20, na matundu 16 yatamaliza tatizo." Sasa rudi kwenye kurasa zako. Kila aya iulize: unaeleza kwa nini hali iko hivyo, au itatatuliwaje? Aya isiyojibu lolote kati ya hayo, itoe. Historia ya shule tangu kuanzishwa mara nyingi ndiyo ya kwanza kuanguka. Aya inayosema wazazi wameshachimba shimo na kuleta mchanga, ibakize. Mgeni huchangia kwa moyo palipokwisha kuanzwa.

Ukitaja changamoto tisa, mgeni atachagua iliyo rahisi kuliko zote, akupe mipira miwili, nyingine aseme amezichukua anakwenda kuzifanyia kazi. Mwalimu mkuu aking'ang'ania zote ziwemo, ziorodheshe kwenye karatasi ya pembeni mgeni akabidhiwe mkononi.

Kwa dakika 5, kadiria maneno 500, kisha isome kwa sauti ukiwa na saa. Itifaki isiingie kwenye hesabu hiyo, ila usiiache ifike dakika mbili.

SWALI: Nataka wanachama wetu 30 wakubali kupandisha mchango wa wiki kutoka shilingi 500 hadi 800, tununue hema na viti vya shilingi 180,000. Pia nataka kuwasema wachelewaji. Je, wazo kuu lazima liwe moja? – Mwenyekiti wa chama cha akina mama, Mombasa

JIBU: Ndiyo, Mama Mwenyekiti, ila hoja za kulibeba zinaweza kuwa kadhaa. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania wana kazi moja tu, kumpiga adui, kisha akaishikiza kwa mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Mambo matatu, hotuba moja.

Kwako, hema na viti ndiyo sababu ya nyongeza, kwa hiyo vinaungana. Wachelewaji hawaungani na chochote. Wapeleke kwenye ajenda yao, la sivyo watu watatoka wakibishana kuhusu faini na mchango utasahaulika. Piga hesabu: nyongeza ya 300 kwa wanachama 30 ni 9,000 kwa wiki. Basi: "Shilingi 300 zaidi kwa wiki zitatupa hema na viti vyetu wenyewe baada ya wiki 20."

Kwa kawaida wazo kuu hutajwa mara tu baada ya salamu. Hapa usifanye hivyo, maana neno "kuongeza" likitangulia masikio yatazibwa. Anza na gharama ya kukodi ambayo wenyewe wanailalamikia, wakishaitikia ndipo uitaje hiyo 300.

SWALI: Nasaha kwa binti yangu siku ya send-off nayo inahitaji lengo? – Mzazi, Dodoma

JIBU: Inahitaji, dogo tu. Amua kwanza unasema na nani. Wazazi wengi humtazama binti huku wakiwahutubia wakwe, ndiyo maana dakika 3 huwa 15. Chagua nasaha moja, uiandike nyuma ya kadi ya mwaliko kwa mwandiko wako wa kawaida. Isipoenea hapo, bado hujachagua.