Kiziwi ndani ya Second Life: sauti isikutoe barazani

Second Life, dunia ya kompyuta ambamo watu hukutana mtandaoni, ilipofunguliwa mwaka 2003, watu wote mle walikuwa wanaandika. Kwa sisi viziwi hakuna kilichokuwa kizuri kama hicho: anayesikia na asiyesikia, wote vidole. Mwaka 2007 ikaletwa sauti, na baraza nyingi zikahamia kwenye maikrofoni. Leo unaingia mahali unakuta mawimbi ya kijani, alama ya anayeongea kwa sauti, yanacheza juu ya vichwa vya watu, avata moja (umbo la kompyuta linalomwakilisha mtu mle) imeshika mbavu kwa kicheko, na kwenye maandishi hakuna hata herufi.

Kwanza kabisa, jitambulishe. Wapo wanaosema raha ya mle ni kwamba hakuna anayejua ulemavu wako, na ni haki yao. Wapo pia wanaotembelea kiti cha magurudumu ilhali avata zao zinaweza kuruka angani, kwa sababu wanataka waonekane walivyo. Ila kiziwi akikaa kimya, watu humwona ana maringo. Mstari wa kwanza wa wasifu wako uandike: "Mimi ni kiziwi, niandikie." Basi. Habari za ugonjwa wa utotoni hakuna aliyeziuliza.

Kinachotutesa zaidi ni kasi. Ukianza kuandika, avata yako inanyanyua mikono na kubonyeza hewani kama mpiga taipu asiye na mashine, na kila mtu anaiona. Mwenye mikono inayotetemeka, au anayeandika kwa kidole kimoja, anasubiriwa weee, mwisho watu wanabadili mada. Ingia kwenye mipangilio uzime hiyo mikono. Hukohuko kuna sehemu ya kuweka vifupisho: mimi nikiandika "nsk" inatoka "Sisikii, tafadhali andika hapa." Na sentensi ndefu usiikalie mpaka iishe, irushe vipande vipande, wajue bado unaongea.

Maandishi ya kawaida yanafika mita 20 tu. Sogea karibu. Ukiyapaza yanafika mita 100, na hapo utawakera hata wasiokuhusu.

Kwenye mihadhara, muulize mwenyeji siku kadhaa kabla: nani ataandika yanayosemwa? Ukiuliza mlangoni umechelewa. Jumuiya ya Virtual Ability, ya watu wenye ulemavu, hufanya shughuli zake kwa sauti na maandishi kwa pamoja, kwa hiyo usikubali kuambiwa haiwezekani.

Lugha ya alama? Tangu mwishoni mwa 2016 avata zina vidole vinavyokunjika, lakini kila mwendo lazima utengenezwe kabla, kwa hiyo mazungumzo hayaendi. Kule VRChat, dunia nyingine ya aina hiyo, viziwi wanaongea kwa alama kabisa, wakiwa na vifaa vinavyofuata vidole vyao. Bei yake sasa!

Na usione haya kuomba watu waandike, ukidhani unawasumbua kwa ajili yako peke yako. Wasioona nao hutumia Radegast, programu ya kuingilia Second Life kwa maandishi matupu, kisha kompyuta inawasomea. Nami bando likikaribia kukata, naingilia hiyohiyo.