Maneno ya herufi tano yatafute kwa jicho, si kwa sikio

Mtu aliyekulia Kiswahili akikwama kwenye Wordle au Scrabble, michezo ya kuunda maneno ya Kiingereza, mara nyingi si kwamba Kiingereza hakijui. Neno analo, ila analitafuta kwa sikio. Lugha yetu imetuzoesha hivyo: unavyotamka ndivyo unavyoandika, na hakuna herufi inayokaa kimya. Kiingereza kimejaa herufi za kimya, na humo ndimo michezo hii inamotunasa.

Juzi tulikuwa tunavuka kwa feri kwenda Likoni, mpwa wangu na simu yake mkononi, akicheza Wordle. Herufi nne za mwisho keshazipata, zote kijani: N, I, F, E. Imebaki ya mwanzo tu.

“Mjomba, hili neno halipo,” akaniambia.

“Tia K.”

“K ya nini, na haisomwi?”

Akaitia, ikawa KNIFE. Kijana huyu kisu kwa Kiingereza anakijua tangu chekechea. Alichokosa ni mazoea ya kuliona neno lilivyoandikwa.

Kwa asiyeujua mchezo: Wordle ulibuniwa na Josh Wardle, ukafunguliwa kwa umma 2021, na Januari 2022 ukanunuliwa na gazeti la New York Times. Neno ni la herufi tano, nafasi za kujaribu ni sita. Kijani maana yake herufi ipo na imekaa mahali pake, njano ipo lakini mahali pengine, kijivu haimo.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuanzia mkiani. Katika orodha ya awali ya majibu, yenye maneno kama 2,300, zaidi ya nusu yaliishia kwa E, Y, T au R. E ndiyo iliyoongoza, na E hiyo aghalabu haitamkwi: PLACE, STONE, GRAPE. Sisi tukisikia “stoni” bila ile i ya mwisho tunadhani neno limekwisha kwenye N, tunabaki na herufi nne na kuanza kuhangaika. Ukiwa umekwama, tia E mwisho kabla hujajaribu kitu kingine. Wingi wa kuongeza S tu, kama BOOKS, mara chache sana huwa jibu, kwa hiyo usiutegemee.

Pili, weka daftari, lakini usipange maneno kwa alfabeti. Yapange kwa familia za herufi zinazotembea pamoja. Mwanzoni kuna KN, WR, WH. Mwishoni kuna GHT, TCH, DGE, MB. Ukurasa mmoja NIGHT na wenzake, mwingine CATCH na wenzake, mwingine JUDGE, mwingine THUMB. Na yapewe ukurasa wao yale yasiyo na A, E, I, O wala U: LYMPH, CRYPT, TRYST, PYGMY. Haya kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni magumu kupita kiasi, maana kwetu neno lisilo na irabu ni adimu, na Y hatuihesabu kuwa irabu.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Umeanza na STARE. E imekuja kijani mwisho, T na A njano, S na R kijivu. Wengi hapa huanza kutamka-tamka wakingoja neno lijitokeze. Chora vistari vitano, E weka mwisho. A haiwezi kukaa ya tatu, maana ndipo ilipokuwa. Ya nne nayo ni vigumu, kwa sababu Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa AE. Basi A ni ya kwanza au ya pili. T haiwezi kuwa ya pili, na sasa yanaanza kuonekana: TABLE, BATHE, LATHE, LATTE, ACUTE. Hukutamka hata moja, umeyaona. Ukijaribu BATHE, rangi zitakazorudi zitakutenganishia karibu yote. Tatizo litabaki kwa yale yanayofanana mkia.

Na hiyo mikia inayofanana ndiyo inayowamaliza watu. Una IGHT yote kijani, na mbele yake panaweza kukaa E, F, L, M, N, R, S au T. Ukijaribu moja moja nafasi zitakwisha hivi hivi. Kama hukuwasha ile hali ngumu (hard mode), inayokulazimisha kutumia herufi ulizokwisha kuzipata, tumia jaribio moja kwa FERNS. Haliwezi kuwa jibu, lakini linapima herufi tano kwa mpigo, nawe utabaki na LIGHT, MIGHT na TIGHT kwa ubaya kabisa. Wapo wanaoona uchungu kutupa jaribio namna hiyo. Mimi naona ndilo jaribio la busara kuliko yote.

Zipo tovuti ambazo ukiziingizia herufi na idadi zinakutolea orodha nzima. Zifungue baada ya mchezo, ujue ulipitwa na nini, kisha uandike daftarini. Ukizifungua katikati ya mchezo, kesho utakwama palepale.

Kama unacheza Scrabble barazani, jicho ni hilo hilo. Vipande vya herufi ni 100, E peke yake 12, Q na Z kimoja kimoja chenye alama 10. Q bila U isikutie hofu: QI na QAT zinakubalika. BWANA, KANZU na PANGA nazo zimo kwenye kamusi ya mchezo, zitumie bila wasiwasi. Na usidharau maneno mafupi. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia kule Perth, Australia, na Wanaijeria wanajulikana kwa kuchagua neno la herufi tano hata pale lile refu linapowezekana, ili wabaki na herufi nzuri mkononi. Mwaka huo huo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukijua Kifaransa. Aliyakariri maneno jinsi yalivyoandikwa, akaingia kucheza.