Darasani mwanangu anaitwa mvivu wa kunakili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Morogoro. Mwanangu wa pili ana ualbino na yuko darasa la tatu katika shule ya msingi ya kawaida iliyo karibu na nyumbani. Kwa mdomo ni hodari, ukimwuliza tebo au hadithi aliyosomewa hakosi, lakini madaftari yake yamejaa kazi zilizoachwa katikati, na mwalimu wa darasa ameniandikia mara mbili kwamba mtoto ni mvivu wa kunakili. Nilipokwenda kwa mwalimu mkuu, alinishauri kwa upole nimtafutie shule maalumu ya bweni. Baba yake anaona tukubali, mimi nasita. Tufanyeje bila kugombana na walimu ambao bado tunawahitaji? (Mama wa Watatu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na neno hilo “mvivu”, kwa sababu ndilo linalomwumiza mtoto, na pia ndilo rahisi kuliondoa ukiwa na ushahidi mkononi. Chukua daftari moja ambalo kazi zake hutolewa kwa imla au kutoka kitabuni, na jingine ambalo kazi zake hunakiliwa ubaoni, uyafungue kwa pamoja mbele ya mwalimu wa darasa. Nadhani atajionea mwenyewe kwamba mtoto yuleyule anamaliza kazi iliyo karibu na macho yake na kukwama katika ile iliyo mbali. Upungufu wa melanini huzuia sehemu ya ndani ya jicho inayoona kwa ukali kukua kikamilifu, ndiyo maana watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, macho yao huchezacheza, na mwanga mkali huwasumbua. Miwani husaidia, lakini haiwarudishii uoni kamili. Akisogeza kitabu hadi puani mwacheni, hajiharibii macho. Hiyo ndiyo njia yake ya kukuza herufi.

Kabla ya kikao hicho, mpelekeni hospitali yenye wataalamu wa macho, na mwombe mpimaji aandike kwa maneno ya kawaida ni herufi za ukubwa gani mtoto anaweza kuzisoma na kwa umbali gani, kwa kuwa tarakimu za vipimo peke yake hazimsaidii mwalimu kupanga darasa. Kisha ombeni miadi ya saa za jioni baada ya vipindi, wala msimvizie mwalimu asubuhi mlangoni akiwa amezungukwa na watoto. Baba naye aende. Uamuzi wa bweni unamhusu, na ni vizuri ausikie mjadala wote badala ya kusimuliwa.

Mkifika, ombeni mambo machache yanayoshikika. Mtoto akae mstari wa mbele, katikati, mahali ambapo dirisha halimpigi usoni wala ubao haumeremeti. Mwalimu asome kwa sauti kila anachokiandika ubaoni, desturi inayowafaa hata watoto wa nyuma ambao hakuna anayewashuku macho. Mtoto aruhusiwe kusogea ubaoni au kunakili kutoka daftari la mwenzake bila kukemewa. Mstarini asubuhi na kwenye kazi za bustani avae kofia pana na mikono mirefu, hata kama sare ya shule haikutaja kofia. Kuhusu maandishi, steshenari yoyote yenye mashine ya kudurufu inaweza kuikuza karatasi ya A4 kuwa A3, yaani kwa asilimia 141, na herufi ya ukubwa wa 12 ikawa karibu 17. Si haki mzigo huo uwaangukie ninyi peke yenu, lakini muhula hausubiri. Wakati mnagharimia nakala hizo, mwombeni mwalimu mkuu awasiliane na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri kuhusu vitabu vya maandishi makubwa, ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania huvichapa.

Kuhusu bweni, mwulizeni mwalimu mkuu kwa heshima anachohofia hasa, usalama wa mtoto au masomo yake. Nauliza hivi kwa sababu katika miaka ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, watoto wengi wa Kanda ya Ziwa walipelekwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama, na tangu hapo baadhi yetu walimu tumezoea kudhani kwamba ualbino na bweni huenda pamoja. Ikiwa hofu ni usalama, zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa kuhusu njia anayopita mtoto na nani wa kumsindikiza. Ikiwa ni masomo, hakuna hata moja kati ya niliyoyataja linalohitaji bweni, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamweka mtoto mwenye ulemavu katika shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Sheria hiyo itajeni mwishoni, tena kwa sauti ya chini, maana mwalimu aliyetishwa hutekeleza lile aliloamriwa tu.

Mtakayokubaliana yaandikwe, nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu, kwani mwalimu wa darasa anaweza kuhamishwa wakati wowote. Maandishi hayo yatawafaa zaidi mwakani, mtoto atakapofanya upimaji wa darasa la nne. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi yaliyokuzwa na kuwaongezea muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, lakini ni lazima shule imtaje mtoto na hitaji lake wakati wa kumsajili. Mwombeni mwalimu mkuu awaonyeshe jinsi alivyomwandika kabla orodha haijaondoka shuleni.