Alizeti ni ya shamba, lakini haya, pandeni

Mmeuliza: "Ni ua gani linalovumilia jua kali ungemshauri mwenzako apande mbele ya nyumba?" Najua wengi watataja alizeti, na watasema inatoka vizuri kwenye picha. Hapo ndipo panaponiuma.

Mimi ni mtu wa Iramba, Singida. Kwetu alizeti ni mafuta ya kupikia, mashudu ya mifugo na ada ya shule. Inapandwa mvua za Desemba na Januari, inavunwa ikishakauka. Sijawahi kuona mtu kijijini akiipanda ili aitazame.

Shangazi yangu ana shamba lililopakana na barabara kuu, ukitoka Misigiri kuelekea Shelui. Machi moja, alizeti imechanua yote, msafara wa harusi uliokuwa ukienda Mwanza ukasimama. Wakateremka bibi harusi, wapambe, mpiga picha na kijana wa kushika mwavuli. Bila hodi wakazama ndani. Sisi tulikuwa upande wa pili tunapalilia mtama, tukaacha majembe.

Tulimkuta mpiga picha amenuna. Ilikuwa saa kumi jioni, jua liko magharibi, naye alitegemea maua yote yawe yanalitazama. Yamelipa kisogo. Baada ya shikamoo ya mbio mbio akamuuliza shangazi kama alizeti yake ina ugonjwa.

"Ikiwa changa ndiyo inalifuata jua, mwanangu. Ikishachanua ni mashariki tu. Ungekuja asubuhi, pamoja na nyuki."

(Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha hayo hayo: ua linalotazama mashariki hupata joto mapema, na nyuki hulipenda zaidi. Shangazi hakuwasubiri.)

"Sasa mama, hatuwezi kuyageuza machache?" Na kweli akashika kichwa kimoja akakizungusha. Shingo ikakatika.

Wakatoa shilingi 2,000. Shangazi akakataa: yeye hauzi maua, anauza magunia, na kichwa hicho kilikuwa hakijajaza hata punje. Wakaongeza 5,000, ndiyo wakamchefua kabisa. Aliyeokoa jahazi ni mama wa bibi harusi, mtu mzima, aliyepiga goti pale pale kwenye udongo akaomba radhi. Shangazi akalegea. Tena akageuka msimamizi: akawahamishia wote ukingo wa mashariki wa shamba ili maua yawatazame, akamwambia kijana wa mwavuli aache kumfunika bibi harusi, akinge kamera kwa sababu jua sasa linapiga usoni mwa mpiga picha. Gauni lilikuwa limeshapata unga wa njano begani. Picha ya mwisho walimvuta na yeye, jembe mkononi, akaomba watume kwa WhatsApp. Mpaka leo ndiyo picha yake ya utambulisho.

Hiyo ndiyo inayoniharibia hoja. Nilikaa niandike kwamba alizeti haifai kufanywa pambo, na mwenye alizeti mwenyewe amejipamba nayo.

Basi pandeni, ila kwa masharti. Chini ya mwembe msijisumbue, inataka jua la kutwa. Fukieni punje mbili tatu kwenye shimo lisilozidi sentimita 5, kisha mbakize mche mmoja wenye nguvu. Shambani tunaachia sentimita 30 kati ya shina na shina, mistari sentimita 75. Uwani mnaweza kubana kidogo, si sana. Angalieni nyumba imekaa wapi: ikiwa magharibi mwa bustani, ninyi mtaona visogo, maua ataona jirani. Mkitaka kuhifadhi mbegu za msimu ujao tafuteni aina kama Record, chotara haitarudia mama yake. Na mjue ndani ya miezi mitatu minne imekwisha. Anayetaka ua la kudumu aendelee na bogenvilia yake.

Mgongo wa kichwa ukigeuka njano na kuanza kuwa kahawia, kateni mkianike. Mashina kumi hayawapi mafuta ya maana, ila kuku watafurahi. Hao hao kuku wafungieni siku za kupanda, maana punje watazifukua zote kabla hazijaota.