Panya hasemi, ila anahesabiwa

Mkuu, umeuliza panya wa maabara anasemaje kwamba mzizi wa dawa ya asili umemtuliza maumivu. Hasemi, anahesabiwa. Anawekwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 55 hivi, saa inaanza kuhesabu sekunde. Akilamba mguu au kuruka, anatolewa. Aliyepewa dawa akichelewa kulamba kuliko mwenzake aliyepewa maji, hapo kuna kitu. Asipolamba kabisa, wanamtoa mapema asije akaungua.

Kipimo cha uvimbe ndicho kitamu. Anadungwa karajinani, kitu cha kuvimbisha, kwenye wayo, na hiyo karajinani, amini usiamini, hutoka kwenye mwani mwekundu, ndugu wa huu unaolimwa Zanzibar. Mguu unavimba ndani ya saa chache. Unachovywa kwenye mrija wenye maji: yakipanda zaidi, uvimbe ni mkubwa zaidi. Kundi moja hupewa mzizi, jingine maji matupu, jingine indomethasini, dawa ya hospitali ya kupunguza uvimbe na maumivu, ya kulinganishia.

Ila kuna mtego. Dawa inayolevya nayo humfanya panya atulie. Ndiyo maana watafiti makini humpandisha pia kwenye kijiti kinachozunguka; akianguka hovyo, huenda amelewa tu.

Kwa hiyo yule muuzaji wako wa mizizi pale Kariakoo akisema "imepimwa", muulize imepimwa nini, na sumu yake je? Panya hupewa miligramu kwa uzito wake, wewe unamiminiwa kikombe kwa macho. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kaulize pale kwanza.