Shangazi Anajibu: Sina kipande, chuo nitaingia aje?

Mwezi huu barua zimefurika na nyingi zinalia kilio kimoja, mtoto amemaliza shule, alama anazo, karatasi hana. Nimechukua nne tu. Majina nimeyaficha, mjuane wenyewe.

Shangazi, jambo. Mimi ni msichana wa miaka 19, nakaa Kayole na mama na wadogo zangu watatu. Tulitoka Kivu Kusini nikiwa na miaka saba, nimesoma hapa hapa Nairobi toka darasa la pili mpaka form four na KCSE nikapata B. Wenzangu walipoenda saiba kujaza maombi ya chuo ya KUCCPS mwalimu mmoja akaniambia nisipoteze pesa yangu, ati mkimbizi haendi chuo Kenya. Saa hii nauza mitumba na mama. Nikiona mtu amebeba begi ya laptopu naangalia kando. Ni kweli alichosema? – Wa Kayole

Mwanangu, si kweli, na huyo mwalimu ningempata ningemkalisha chini. Amechanganya mambo mawili. KUCCPS ni mlango wa wale wanaosomeshwa kwa pesa ya serikali, na hiyo pesa, kuanzia basari mpaka mkopo wa HELB, ni ya raia. Hapo alikuwa sawa. Lakini kukosa pesa ya serikali na kukosa chuo ni vitu viwili tofauti kabisa! Chuo kikuu kinataka C+ kwa digrii, wewe una B, umeipita na chenji imebaki. Unaenda moja kwa moja kwa ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, cha umma ama cha binafsi, unaomba kama mtu wa kujilipia, ile sisi wa zamani tunaita parallel. Vyuo vingi huchukua watu Januari, Mei na Septemba kwa hivyo usidhani umechelewa mwaka mzima.

Ukifika hapo swali la kwanza usiulize "mnachukua wakimbizi?" maana karani hajui atakujibu chochote kile ili uondoke. Uliza hivi: nimefanya KCSE hapa, nina kitambulisho cha mkimbizi, karo yangu itahesabiwa ya mwanafunzi wa hapa ama ya mgeni? Na jibu likuje kwa maandishi, barua ama imeili, usikubali la mdomo. Nimeona watu wameripoti na begi na godoro halafu muhula wa pili wanaletewa bili ya mgeni, na hapo unamwambia nani?

Sasa pesa, maana najua mitumba ya Kayole hailipi digrii. Kuna ufadhili unaitwa DAFI, wa serikali ya Ujerumani na wengine wanaochangia, unapitia UNHCR, lile shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, umekuwepo tangu 1992. Ni wa mkimbizi anayesomea digrii nchi aliyokimbilia, yaani wewe hapa Kenya, na unashika karo, vitabu, chakula mpaka nauli. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, sitakudanganya. UNHCR wenyewe wanasema wanataka wakimbizi 15 kwa kila 100 wenye umri wa chuo wawe wanasoma ifikapo 2030, na mwaka wa 2023 walikuwa kama 7 tu dunia nzima, sasa ona vile mstari ni mrefu. Lakini mstari unapangwa na walio ndani yake. Kuna pia mpango wa WUSC wa Canada wa kusomesha wakimbizi, ulioanza 1978, huo unachukua vijana wa Kakuma na Dadaab na wanaingia Canada wakiwa wakazi wa kudumu, nautaja kwa sababu mtu akikuambia anaweza kukuingiza kwa huo ukiwa Kayole kwa elfu thelathini, huyo ni mwizi. Huduma za UNHCR ni za bure, fomu ni za bure, ufadhili hauna ada ya "kufungua faili". Ukiona M-Pesa imetajwa, toka.

Kabla hujaomba chochote toa karatasi zako zote uzitandaze kitandani usome jina herufi kwa herufi. Hapa ndipo watoto wa Kongo wanaanguka sana. Kwa mandeti, ile karatasi ya UNHCR ya kukutambua kama mkimbizi, umeandikwa kifaransa, jina la ukoo limetangulia, kwa KCSE mwalimu wa darasa aliandika vile alisikia, sasa Chantal mmoja amekuwa watu wawili. Jina la cheti cha KCSE ni gumu kubadilisha kwa hivyo mara nyingi ni rahisi kurekebisha upande wa ukimbizi, na wakati unangoja unapata hati ya kiapo kwa wakili kwamba hayo majina mawili ni ya mtu mmoja. Angalia pia tarehe ya kitambulisho chako, kama kinaisha karibuni anza foleni ya DRS, ile idara ya serikali ya wakimbizi, sasa sio wiki ya kuripoti. Sheria ya wakimbizi ya 2021, iliyoanza kazi Februari 2022, inakitambua hicho kitambulisho, kwa hivyo mlinzi wa geti akikuambia hajui hiyo kadi ni kitu gani wewe omba uongee na msajili.

Na kama shule yako imekalia cheti chako juu ya deni, hilo sheria ya baraza la mitihani, KNEC, hairuhusu. Deni ni deni na mtalipa, lakini cheti ni chako.

Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni boda wa Eastleigh, naandika kwa niaba ya dada yangu mdogo. Sisi ni Wakenya wa Garissa kabisa, babu yetu amezikwa huko. Ule ukame wa 2011 mama alimpeleka Dadaab akamwandikisha kama mkimbizi ndio wapate posho na dawa, alikuwa mtoto wa miaka mitano. Sasa ana miaka 19, ana C+, akaenda kuchukua kipande vidole vikasema yeye ni mkimbizi wa Somalia. Mtu wa mtaa anasema kwa elfu ishirini anatoa ID safi. Nifanye? – Kaka Mtu

Waaleikum salaam kaka. Usifanye. Hiyo ID "safi" ina vidole vyake, na vidole ndivyo vinavyomshtaki, siku sistimu ikivikutanisha atakuwa na kesi ya jinai juu ya ile ya kwanza. Na hiyo elfu ishirini hairudi.

Dada yako hayuko peke yake, huko Garissa, Wajir mpaka Mandera hii shida ina jina kabisa, kuandikishwa mara mbili, na si watu wabaya walioifanya, ni njaa. Njia yake ni kutolewa kwenye daftari la wakimbizi kupitia DRS, na anahitaji ushahidi wa ukoo, ID za wazazi, cheti chake cha kuzaliwa, karatasi za shule ya msingi, barua ya chifu na wazee wa kule nyumbani sio wa Eastleigh. Msiende mikono mitupu. Haki na Sheria wa Garissa hii ndio kazi yao, na hapa Nairobi kuna Kituo cha Sheria ambacho kimesaidia watu wasio na pesa ya wakili tangu 1973.

Lakini kitu nataka uskie ni hiki, hata kabla ID itoke asikae nyumbani! Mfumo wa KUCCPS unaingia kwa namba ya mtihani na cheti cha kuzaliwa ama namba ya KCPE, hauulizi kipande. Yeye ni raia, ajaze. Basari ya CDF, ile ya eneo bunge, na ya kaunti watu huomba kwa ID ya mzazi. Atakapokwama ni HELB, huko bila ID hakuna mkopo, na hata laini ya simu ya jina lake hawezi kusajili. Kwa hivyo mwaka wa kwanza mpange kwa basari na jasho lako la boda, na siku ya kuripoti aende kwa mkuu wa wanafunzi amweleze ukweli wote akiwa na barua ya wakili mkononi. Mtu aliyeeleza mapema husikizwa, yule wa kushtukiza siku ya mtihani anaonekana mwongo.

Shangazi, mimi ni mama wa Rongai. Dada yangu aliingia Texas 2013 na visa ya kutembea akiwa na kijana wake wa miaka sita, na hawakurudi. Kijana amemaliza high school na alama nzuri sana, mwezi ujao anafunga 18. Ndio juzi ameambiwa hana karatasi, Shangazi hata hakuwa anajua! Dada analia kwa simu usiku kucha. Mimi namwambia amlete asomee huku, yeye anasema atatupa maisha ya mtoto. Nani yuko sawa? – Mama Mdogo

Dada yangu, pole, na mpe pole mama yake. Kijana kujua akiwa na 17 ndio kawaida huko maana shule hazimuulizi, tangu 1982 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba mtoto hafukuzwi shule ya msingi wala sekondari kwa sababu ya karatasi, na kesi yenyewe ilitoka hapo hapo Texas. Chuo ndio kinamfunulia.

Hakuna sheria ya nchi nzima inayomkataza kuingia chuo. Majimbo machache kama Alabama na South Carolina yamefunga vyuo vya umma, Texas haijafunga. Shida ni bei. Mwaka wa 2001 Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuruhusu watoto kama yeye walipe karo ya wenyeji, miaka 24 watu wakasoma, halafu Juni 2025 serikali ya Trump ikashtaki, jimbo lenyewe likakubali siku hiyo hiyo na mahakama ikaifuta. Sasa anahesabiwa kama mtu wa nje ya jimbo na hiyo inaweza kuwa mara tatu. Msaada wa serikali kuu, ule wa fomu ya FAFSA, hapati. Ile DACA ya Obama ya 2012, kinga ya walioletwa Marekani wakiwa watoto, msiipotezee muda, ilitaka mtu awe ndani tangu Juni 2007 na hata hivyo maombi mapya hayashughulikiwi. Kilichobaki ni vyuo vya binafsi ambavyo vinajiamulia msaada wao, na wafadhili kama TheDream.US ambao wanasomesha watoto wa aina hii, dada yako asome masharti yao ya mwaka huu kabla hajafurahi.

Jambo moja alishike sana: asiweke tiki mahali pameandikwa "raia wa Marekani", wala kwa fomu ya chuo, wala ya kazi. Na asitunge namba ya Social Security, pakiwa hana aache wazi. Kujiita raia wa Marekani na wewe si raia kunaweza kufunga mlango wa makaratasi maisha yote, hata akija kuoa mwenyeji. Vijana wengi hufanya hivyo kwa haraka tu.

Sasa nani yuko sawa. Hapa kuna saa inayopiga na sidhani nyinyi wawili mnaiskia. Siku za kukaa bila ruhusa hazihesabiwi mtu akiwa chini ya miaka 18. Akishafunga 18 zinaanza. Akitoka kabla siku 180 ziishe hana adhabu ya kuzuiwa kurudi, akipita hapo ni miaka mitatu nje, akimaliza mwaka mzima ndio atoke, ni miaka kumi. Ile ya mama yake imeshapita zamani, yeye akitoka ni hiyo miaka kumi, kwa hivyo asipande ndege naye. Kwa hivyo mna kama nusu mwaka toka mwezi ujao kuamua, na pesa ya kwanza kabisa iende kwa wakili wa uhamiaji, wakili kweli sio pasta wala ajenti, aangalie kama kuna njia nyingine ya kijana mwenyewe. Na kutokuwa na adhabu si kuahidiwa visa, hilo mliweke kichwani.

Akija huku si kutupa maisha. Kama mama yake ni raia wa Kenya naye ni raia, kipande atachukua, cheti chake cha high school kinapelekwa kulinganishwa na cha Kenya kabla chuo kimpokee, hilo lianze akiwa bado Texas maana linataka nakala za shule zilizopigwa muhuri. Pale chuo cha USIU hapa Nairobi kwa mfano digrii inatambuliwa huku na wakaguzi wa vyuo wa Marekani pia, lakini karo yake dada sio ya mchezo. Mimi ningekuwa wewe ningeacha kubishana na dada kwa simu. Muulizeni kijana. Yeye ndio atakaa bila mama, au atakaa na mama bila karatasi, na hakuna mtu kwa barua yako amemuuliza anataka nini.

Shangazi, ni mwalimu wa Pangani. Nina mwanafunzi amezaliwa nyumbani hapa Nairobi, wazazi ni wakimbizi wa Ethiopia, hana cheti cha kuzaliwa. Nikisema nimsaidie naambiwa si Mkenya. – Tichaa

Mwalimu, cheti cha kuzaliwa si uraia. Mtoto akizaliwa Kenya anaandikishwa, wazazi wawe wa wapi. Imepita miezi sita kwa hivyo ni usajili wa kuchelewa, una fomu nyingi zaidi lakini unawezekana. Beba kadi ya kliniki aliyochanjwa, karatasi za ukimbizi za wazazi, barua yako ya shule, na mkunga ama jirani aliyekuwepo kama bado yuko hai. Anza muhula huu, usingoje usajili wa mtihani. Na usimwache mama aende peke yake, ile foleni inataka watu wawili, mmoja ashike nafasi mwingine akienda kutoa fotokopi.